Hokkien mee ni supu au ni ya kukaanga? Tuelewane kuhusu tambi za karai za Singapore na Penang

Jumapili iliyopita tulikuwa nyumbani Tanga, watu wengi tu, chakula kimeisha, tumekaa barazani, ndipo mjomba wangu akaanzisha habari za tambi. Mjomba ni baharia, bandari za Asia anazijua kama wengine tunavyojua vituo vya daladala. Akasema katika vyakula vyote alivyokula safarini hakuna kinachoifikia Hokkien mee ya Penang, kule Malaysia, supu ya kamba, nyekundu, kali, tambi zimezama ndani. Binamu yangu aliyesoma Singapore akamkatisha, samahani mjomba, Hokkien mee haina supu, ile ni ya kukaanga, unaletewa na ndimu na pilipili pembeni, tena baada ya foleni ndefu. Mjomba akasema mie nimeila kwa mkono wangu. Binamu akasema na mimi pia. Ikawa kelele mpaka jirani yetu bibi mmoja akaja kuuliza kuna msiba gani, alafu na yeye akaingia na swali lake, hizo tambi Muislamu anakula? Na vijana wakadakia, kwani si indomie tu hizo, mtu unasimamaje saa nzima foleni kwa ajili ya indomie?

Nilikaa Singapore miezi kadhaa kikazi na Penang nimefika, kwahiyo nikaahidi nitaliandika hili vizuri kila mtu asome. Jibu la haraka ni kwamba mjomba yuko sahihi na binamu yuko sahihi, na angekuwepo pale mtu wa Kuala Lumpur angesema hapana, Hokkien mee ni tambi nyeusi tii, na yeye angekuwa sahihi vilevile.

Tuanze na majina maana nusu ya ugomvi iko hapo. Mee, inatamkwa mi, ni tambi za ngano, za njano, nene kidogo. Bee hoon ni tambi za mchele nyembamba kama uzi, kwa umbo zinakaribiana na zile tambi zetu za futari. Kway teow nazo ni za mchele ila ni bapa na pana kama utepe, unasagwa mchele unakuwa uji, unamiminwa ukawa utandu mwembamba, unaivishwa kwa mvuke alafu unakatwa. Char ni kukaanga kwa Kihokkien, goreng ni kukaanga kwa Kimalei. Basi ukiona char kway teow ujue ni tambi bapa za mchele za kukaanga, ukiona mee goreng ni za ngano za kukaanga, hapo hakuna shida. Shida ni Hokkien mee kwasababu lile jina halisemi chakula kimepikwaje, linasema ni cha nani. Wahokkien ni watu wenye asili ya mkoa wa Fujian kusini mashariki mwa China, tena neno Hokkien ni Fujian hiyohiyo ikitamkwa kwa lugha yao, na walihamia kwa maelfu kwenye bandari za Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo) na Singapore karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20.

Sasa fikiria mtu amefika Dar anauliza "chakula cha Wachaga" bila kusema kipi. Huyu atamletea mtori, yule machalari, mwingine atampeleka kwenye nyama choma, na wote hawajamdanganya. Ndivyo ilivyokuwa kule, kila mji ulikuwa na Wahokkien wake na tambi zao, na kila mji ukaita "tambi za Wahokkien" kile kilichokuwa kinauzwa pale pale mtaani kwao.

Penang ni supu. Vichwa na maganda ya kamba vinakaangwa alafu vinachemshwa muda mrefu pamoja na mifupa ya nguruwe, inatiwa pilipili ya kusaga, ndani tambi za njano na bee hoon, yai, majani ya kangkung. Ukivuka ukaenda Singapore ile supu utaikuta ila inaitwa prawn mee. Kuala Lumpur ni tambi nene zinapikwa kwenye soya sosi nzito nyeusi pamoja na vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa vikakauka, na wenyewe wanasimulia ilianzia mtaa wa Petaling mwaka 1927. Singapore wanachanganya mee na bee hoon kwenye karai moja, zinakaangwa kidogo na yai alafu zinamwagiwa supu nzito ya kamba na nguruwe, linafunikwa, tambi zinainywa ile supu mpaka ikakaribia kuisha, ndipo wanaingiza kamba na ngisi. Inasimuliwa kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili wafanyakazi wa viwanda vya tambi walikuwa wanakutana usiku barabara ya Rochor wakapika tambi zilizobaki kazini, ndio maana wazee wengine waliiita Rochor mee. Kwahiyo hata ile ya binamu, ambayo aliapa haina supu, supu inayo, ila imeshaingia ndani ya tambi.

Baadhi ya vibanda wanaiweka juu ya kitu kinaitwa opeh, lile ganda pana linaloshika jani la mpopoo kwenye shina. Ndiyo, mpopoo huuhuu wa popoo ya tambuu. Linakaushwa, linakunjwa kama sahani, na tambi zikiwa moto sana zinavuta harufu ya lile ganda. Mtu wa Pwani akila pale hawezi kujiona mgeni sana.

Kabla sijaenda kwenye moto niseme kuhusu ile njano, maana wengi wanadhani ni mayai. Kwa tambi hizi rangi na ule mvutano wa mdomoni vinaletwa na maji ya chumvi za aina ya magadi. Ni magadi kabisa kwa maana ya kikemia, wachina wanatumia mchanganyiko wa kaboneti za sodiamu na potasiamu, na magadi yetu ya ziwani ni jamii hiyohiyo ya sodiamu. Unga wa ngano una vitu vya asili ambavyo vikikutana na magadi vinageuka njano, na kinyunga kinakuwa kigumu, kinavutika. Ukinusa tambi mbichi kule utasikia ile harufu kidogo ya magadi, watu wengi wanafikiri zimeharibika.

Haya, sasa ile sahani inayosumbua watu kwenye klipu za mtandaoni, zile za mzee anayerusha tambi kwenye moto unaopanda mpaka kifuani. Mara nyingi ile ni char kway teow. Singapore wanachanganya kway teow na mee kidogo, wanaipika nyeusi na tamu kwa soya sosi nzito, Penang ni nyeupe kidogo, haina utamu sana, kamba ni wakubwa na wengine wanaweka yai la bata. Ndani kuna kitunguu saumu, choroko zilizoota, majani ya kitunguu cha kichina, soseji tamu ya nguruwe, na kombe, wale wa ganda wanaookotwa kwenye tope maji yakitoka. Kilikuwa chakula cha watu wa kazi ngumu, mafuta mengi bei ndogo, shibe mpaka kesho.

Mie foleni yangu niliisimama Hong Lim, ukumbi wa vibanda vya chakula Singapore, ghorofa ya juu, mchana, jua kali. Nilifika mbele nikawa namwona mpishi vizuri. Mafuta, saumu, tambi, anageuza, kijimwagio cha maji, anageuza, anasukuma tambi pembeni anapasua yai pale palipobaki wazi, anazirudisha juu ya yai, sosi, choroko, na kombe mwisho kabisa sekunde chache kabla ya kupakua. Hakupima chochote. Nikaipeleka mezani ikiwa bado inatoa mvuke, na pale ndipo nilipoelewa kwanini watu wanasimama, maana tambi zilikuwa na ladha ya moshi ingawa hakukuwa na moshi wala mkaa popote pale.

Wenyewe wanaiita wok hei, ni Kikanton, lugha nyingine ya Kichina, tuseme pumzi ya karai. Watu wanaizungumzia kama siri ya ukoo lakini inaelezeka, na mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na jiko la chipsi ataielewa. Chakula kikiwa na maji juu yake hakiwezi kupita nyuzi 100, maana joto lote linaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Ule ukahawia na harufu ya kuchomeka vinataka joto la juu zaidi, kama nyuzi 140 kwenda mbele, ndio ile hali iliyoelezwa na mkemia Mfaransa Maillard mwaka 1912, ileile inayofanya ganda la mkate liwe tamu kuliko ndani. Tambi bichi za mchele zimejaa maji. Kwahiyo mpishi ana kazi moja kubwa, kuyafukuza maji haraka kuliko yanavyotoka, ili tambi ziungue kidogo nje kabla hazijavurugika kuwa uji.

Unakumbuka muuza chipsi akiwa na wateja wengi akamwaga beseni zima la viazi kwenye karai kwa mpigo? Mafuta yanapoa, viazi vinachemka badala ya kukaangika, unaletewa chipsi laini zimelewa mafuta. Na tambi ndivyo. Ukitia sahani kumi kwenye karai moja unapata tambi zilizochemka kwenye soya. Ndio maana mpishi mwenye msimamo anapika sahani moja moja au mbili, kwenye karai jembamba la chuma na jiko linalovuma kama injini ya ndege.

Na ile ladha ya moshi inatoka wapi kama hakuna mkaa? Fikiria mishkaki. Mafuta ya nyama yanadondokea kwenye kaa la moto, yanaungua, moshi unarudi juu kwenye nyama, ule moshi ndio nusu ya utamu wa mshikaki. Kwenye karai ni hivyohivyo ila kinyume, mpishi akirusha tambi matone madogo ya mafuta yanapita kwenye ndimi za moto ukingoni, yanawaka, na ule mwako unarudi na tambi. Ile kurusha vilevile inapoza, tambi ikiwa hewani mvuke unatoka na haiungui kwa kukaa sehemu moja. Watafiti wa Georgia Tech, Marekani, waliwachunguza wapishi wa wali wa kukaanga wakatoa matokeo mwaka 2020, mrusho mmoja unachukua kama theluthi ya sekunde. Mara 3 kwa sekunde, siku nzima, na karai la chuma mkononi. Mabega ya wazee wale nayaheshimu sana.

Penang kuna kibanda barabara ya Siam ambako mzee mmoja alipika kwa mkaa miaka na miaka, na watu wanabishana kama mkaa ni bora kuliko gesi. Mimi naona mkono ndio unaoamua. Mkaa huwezi kuupunguza kwa kuzungusha swichi, lazima ujue kusogeza karai.

Ukishaelewa hilo hesabu ya foleni inajileta yenyewe, na vijana walioniuliza wasikilize hapa. Sahani moja dakika 3, saa moja sahani 20. Mbele yako wako watu 15, kila mmoja ameoda mbili kwasababu ameagizwa na ofisini, ni sahani 30, ni saa moja na nusu. Foleni haimaanishi watu wamepumbazwa na haimaanishi mpishi ni mvivu, karai ni moja na mtu ni mmoja. Angeongeza kasi kwa kupika nyingi kwa pamoja angeiua ile kitu waliyoifuata. Ile Hokkien mee ya binamu foleni yake inaenda tofauti, kwakuwa inapikwa kwa kufunikwa na supu wanaweza kupika nyingi kwa mara moja, kwahiyo unasimama dakika 20 hakuna kinachotembea alafu ghafla watu kumi wanahudumiwa.

Sasa hao wapishi wako wapi, maana wanaitwa hawker na neno hilo linachanganya. Sisi tungesema mama lishe au machinga wa chakula, mtu wa kibandani. Zamani Singapore walikuwa barabarani kama popote, mikokoteni, maji ya ndoo, taka mferejini. Serikali ikawaandikisha mwaka 1968 na 1969, karibu watu 18,000, na kati ya 1971 na 1986 ikawahamishia kwenye kumbi zilizojengwa makusudi, zina paa, maji ya bomba, umeme, meza za pamoja katikati na vibanda pembeni. Leo kumbi hizo ni zaidi ya 110. Mtu wa Dar akisikia "kuhamisha machinga" moyo unashtuka, na kule pia haikuwa furaha kwa kila mtu, ila kumbi nyingi ziliwekwa chini ya maghorofa wanakoishi watu, karibu na masoko na vituo vya basi, yaani mteja hakulazimika kumtafuta muuzaji, na naamini hilo ndilo lililozifanya ziishi. Desemba 2020 UNESCO ikauingiza utamaduni huu kwenye orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Lakini umri wa kati wa wapishi hao ni karibu miaka 60, na bei ya sahani bado ni kama dola 4 mpaka 6 za Singapore kwa nchi ambayo maisha ni ghali mno. Kijana aliyesoma anaangalia ile hesabu ya sahani 20 kwa saa, anaangalia bei, anaangalia mabega ya baba yake, anaenda kutafuta kazi ya kiyoyozi. Hili linaniuma kweli, maana ule mkono hauandikiki kwenye kitabu.

Kuhusu indomie. Ni tambi za kukaanga kweli ila zimekaangwa kiwandani, na sababu ni nyingine kabisa, mafuta ya moto yanaondoa maji tambi zikauke zikae stoo miezi. Njia hiyo ilianzishwa na Momofuku Ando wa Japani mwaka 1958. Ukifika nyumbani unazichemsha, unamwaga maji, unachanganya na unga wa pakiti, sasa hapo karai liko wapi, moto uko wapi? Jina mi goreng ni la Kiindonesia na ni tambi za kukaanga kweli, pakiti inaiga ladha yake.

Na zile zinazoitwa Singapore noodles kwenye migahawa ya London au Marekani, bee hoon ya njano yenye unga wa kari, ndugu zetu mlioko huko mkifika Singapore mkauliza mtaangaliwa. Zinahusishwa na wapishi wa Kikanton wa Hong Kong, si chakula cha jadi cha Singapore.

Jirani yetu aliuliza Muislamu anakula? Char kway teow ya Kichina na Hokkien mee zote tatu mara nyingi zina nguruwe, kwenye mafuta, soseji au supu, kwahiyo hata ukisema "usiniwekee nyama" haisaidii, mafuta yameshaingia. Ila hiyo sio mwisho. Wamalei wanapika kuetiau goreng yao bila nguruwe, mara nyingi ina rojorojo kidogo, na Wahindi Waislamu wana mee goreng yao nyekundu yenye viazi, yai na tofu ambayo mimi kwa kweli naipenda kuliko char kway teow siku za mvua. Angalia cheti cha halali, Singapore kinatolewa na MUIS, baraza la Kiislamu la huko, Malaysia na JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu, na ukumbi wa Geylang Serai umejaa vibanda vya Kiislamu. Hata trei zinarudishwa sehemu tofauti, za halali kwao na nyingine kwao. Na trei lazima urudishe mwenyewe, tangu Septemba 2021 ukiiacha mezani unapewa onyo, ukirudia ni faini ya dola 300.

Ukiona pakiti ya tishu juu ya meza tupu usiketi, kuna mtu kaishika nafasi yake hivyo akaenda foleni, wanaita chope. Na mpishi muite uncle au auntie hata kama humjui, kama sisi tunavyosema mjomba na mama.

Ajinomoto, ule unga mweupe wa kuongeza ladha, mnauliza sana. Ni chumvi ya glutamati, iligunduliwa na Profesa Kikunae Ikeda wa Japani mwaka 1908 akiwa anachunguza supu ya mwani, na glutamati hiyohiyo imo kwenye nyanya zako. Hofu yote ilishika kasi kutokana na barua moja kwenye jarida la kidaktari la Marekani mwaka 1968, ya daktari aliyejisikia vibaya baada ya kula mgahawa wa Kichina na mwenyewe alikuwa anauliza tu sababu. Majaribio ambayo watu hawakujua nani kapewa ipi hayajaonyesha madhara ya kueleweka kwa viwango vya kawaida vya kula. Kwenye sahani hii cha kuangalia ni mafuta na chumvi, kalori zinapita 700, usile kila siku.

Cha kuogopa kweli ni kombe. Wapenzi wake wanawataka wawe wabichi kidogo, damu inaonekana, na kombe anachuja maji ya alipoishi, maji yakiwa na kinyesi na yeye anacho. Mwaka 1988 Shanghai walipata mlipuko wa homa ya ini aina A, watu zaidi ya 290,000, chanzo kombe waliokuwa hawajaiva. Ukiwa na mashaka mwambie uncle asiweke, hakasiriki, anasikia hilo kila siku.

Nimemsomea mjomba haya yote kwenye simu kabla hajaondoka. Akanyamaza kidogo akasema kwahiyo binamu yako alikuwa anakula supu yangu iliyokaushwa. Nikamwambia ni kama hivyo. Meli yake inapita Port Klang, pale Kuala Lumpur si mbali, nimemwambia akipata ruhusa ya kushuka aagize Hokkien mee asiseme neno lingine lolote, aone wanamletea rangi gani.